Nilimsamehe Rahabu Mbele za Watu

Sehemu ya tano

Wiki hii simu yangu haikupumzika. Wapo waliotuma ujumbe wakisema mimi Eufrasia natunga, eti hakuna mtu duniani aliyewahi kuharibiwa maisha kwa kusamehewa. Nawajibu: karibuni Kigoma, sokoni Mwanga. Ulizeni banda la chakula la Mama Wema, ndiye mimi, mkae, mle, halafu mniambie tena.

Kwa uliyelikosa gazeti, mambo yalikuwa yamefika hapa. Mimi ni mjane na kazi yangu ni mama lishe. Mume wangu Jonathan alikula, akalala, asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Miaka miwili ikapita kimya. Halafu Mzee Alphonce, fundi cherehani wa upande wa pili wa soko, akala ugali na samaki wa migebuka kwangu Jumatatu, na Jumanne akalazwa akitapika. Haikufika Ijumaa, soko zima likawa linasema nimemwekea sumu.

Kwetu Buha, nchi ya Waha, mwenye chakula huonja kwanza, mgeni akiona. Basi nikawa naonja kila sahani kabla sijaitoa. Nilinenepa, wateja hawakurudi.

Nikamkimbilia Mchungaji Elikana. Akaniambia, "Mtu akikusema vibaya, msamehe na umwombee. Tena usiombe juu juu. Mtaje kwa jina."

Nikamtaja. Ilikuwa Jumatano, kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, nyumbani kwa mwenyekiti wetu Mama Winfrida. Wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Ulipofika wakati wa shuhuda nilisimama, nikalia kidogo, nikasema, "Bwana asifiwe. Mimi namsamehe Rahabu kwa yote anayoyasema juu yangu. Mungu ambariki yeye na nyumba yake."

Wanawake wakaitika amina ya kutikisa bati. Rahabu mwenyewe hakuwepo.

Mtaniuliza nilikuwa na ushahidi gani. Nilikuwa nao, au nilidhani ninao. Rahabu anauza samaki hatua chache kutoka banda langu. Miaka minne alikuwa akila kwangu kila mchana. Wiki ile ile maneno yalipoanza, akaacha. Nikimkaribisha, anasema ameshiba. Nikipita alipokaa na wenzake, mazungumzo yanakatika.

Na niseme ukweli wote, maana nisiposema hapa nitausemea wapi. Babu yake Rahabu alitoka ng'ambo, Kongo. Yeye mwenyewe kazaliwa Ujiji na kakulia Ujiji, lakini nilipokuwa natafuta wa kumshuku, hilo nalo nililihesabu.

Basi msamaha wangu ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi saa sita banda lilijaa. Mama Winfrida alikuwa amepita soko zima akitangaza, "Mtu mwenye sumu hawezi kusali vile! Mngemwona alivyolia!" Wabeba mizigo walirudi. Mafundi wa baiskeli walirudi. Mmoja aliniambia, "Mama Wema, tulidanganywa. Kumbe ni yule Mkongo." Nikamwongezea mchuzi.

Upande wa pili Rahabu alikaa na migebuka yake hadi jioni. Watu walimpita. Migebuka haisubiri, na jua la Kigoma mnalijua. Siku ya tatu alianza kuianika, siku ya tano nikasikia anabeba ndoo hadi Kidahwe, ambako hawamjui.

Nilimwonea huruma? Kidogo. Nilijiambia, mkuki kwa nguruwe.

Jumatatu iliyofuata akaja bandani, saa saba mchana, watu wamejaa. Hakuketi.

"Mama Wema, nimekuja kuuliza. Umenisamehe nini?"

"Unajua mwenyewe, Mama Bariki."

"Ningejua nisingekuja kuuliza mbele ya watu."

"Yangu yameisha. Moyo wangu mweupe."

"Wako mweupe, na wangu umeupaka nini? Watu wananipita utadhani nauza nyoka. Msamaha wako sikuuomba. Jumatano nenda ukauchukue."

Watu waliacha kutafuna. Mmoja akacheka chini chini.

"Msamaha haurudishwi," nikasema.

"Basi nitajie neno moja nililosema. Moja tu. Nilimwambia nani, na siku gani?"

Hapo nilibanwa. Sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa na amina za wanawake zaidi ya ishirini, basi. Nikatupa nilichokuwa nacho.

"Wewe niambie kwa nini uliacha kula kwangu."

Rahabu akavuta kanga yake mabegani.

"Hilo siwezi kukuambia."

"Mmesikia wenyewe?" nikawageukia wateja.

Walikuwa wamesikia. Rahabu akaondoka bila kuaga, na mimi nikala ugali wangu kwa raha ambayo hadi leo naiona haya.

Mnasema hapo ndipo niliposhinda. Subirini.

Siku tatu baadaye nikamwona Mzee Alphonce anakuja polepole, suruali imempwaya. Tangu atoke hospitali alikuwa Simbo kwa binti yake, anauguzwa. Hakuwa amekanyaga Mwanga tangu siku ile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Nimechoka uji."

Nikapakua. Nikachukua kijiko nionje mbele yake. Akanishika mkono.

"Acha kuonja, utanimalizia."

Watu wakacheka. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikaketi karibu naye, nikasema kwa upole wa mtu aliyeshinda, "Mzee, na wewe umsamehe Rahabu. Mimi nimeshamsamehe."

"Rahabu yupi? Wa migebuka? Kafanya nini?"

"Si ndiye aliyesema nilikuwekea sumu."

Mzee Alphonce akaweka tonge chini.

"Yule aliniletea uji hospitali siku tatu, mtu ambaye hata undugu hatuna. Sikumsikia akitaja jina lako. Mimi nilikuwa na taifodi, mama, daktari kaipima na kaiona. Nilidhani unajua. Kwani mama mkwe wako hakukuambia?"

"Mama mkwe wangu?"

"Bibi Elida. Alikuja kuniona. Akanishika mkono hivi, akalia. Akasema, 'Mshukuru Mungu, baba. Wewe umeamka. Mwanangu alikula chakula cha mkono ule ule, hakuamka.'"

Niligeuka kuangalia nani anatusikia.

"Alikuambia wewe peke yako, Mzee?"

"Peke yangu? Wodini? Kulikuwa na wagonjwa, wauguzi, na ndugu wa wagonjwa wamekaa mpaka sakafuni. Wote walimsikia. Mimi nilisema ni uchungu wa mzazi, yataisha." Akanitazama. "Hayakuisha?"

Nikaenda nyuma ya banda, nikakaa juu ya gunia la mkaa.

Wasomaji wangu, sikumfikiria Rahabu. Nasema ukweli. Nilijifikiria mimi. Maana jirani akikusema, watu husema ana wivu. Mama mkwe akikusema, mtu mnayelala nyumba moja, anayekula chungu kimoja na wewe, watu wanasema huyo ameona. Soko likijua kwamba maneno yalitoka kwa Bibi Elida, hakuna atakayenunua kwangu hata maji ya kunawa.

Yaani kosa la Rahabu, ambalo hakulifanya, ndilo lililokuwa linanilisha.

Nikafunga banda mapema, nikaenda nyumbani. Bibi Elida alikuwa barazani, anapasua kokwa za michikichi kwa jiwe. Amekaa kwangu tangu tulipomzika Jonathan. Nampikia, namfulia, namsindikiza kanisani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umewahi leo."

"Mama, ulikwenda hospitali kumwona Mzee Alphonce?"

"Nilikwenda. Mgonjwa hutazamwa."

"Ulimwambia nini?"

Akapasua kokwa moja, akaitupa kwenye ungo. "Nilimwambia amshukuru Mungu."

"Na Jonathan ulimtaja?"

"Jonathan ni mwana wanje. Kumtaja mwanangu niombe ruhusa kwa nani?"

Kiha chake kikitoka namna hiyo najua amekasirika. Lakini na mimi nilikuwa nimekasirika.

"Mama, niambie. Unaamini nilimuua?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Nakula chakula chako kila siku, mkamwana. Asubuhi na jioni. Ningeamini hivyo ningekula?"

Nikashusha pumzi. Nilitaka hata kucheka. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Ila sili kabla sijaomba. Na wewe nakuombea. Kila siku nakutaja kwa jina."

Akarudi kwenye kokwa zake.

Siku hiyo tulipokaa kula nilimwangalia. Alifumba macho, midomo ikawa inatembea, ugali ukapoa. Nilitega sikio. Jina langu nililisikia mara moja, la Jonathan mara tatu. Yaliyo katikati sikuyapata. Mpaka leo sijui kama mwanamke yule alikuwa ananiombea heri au ananishtaki kwa Mungu juu ya chakula changu mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kwa Mchungaji Elikana nikamweleza kila kitu. Nilitegemea pole. Akanigeuzia uso mkali.

"Mimi nilikuambia umwombee, sikukuambia umtangaze."

"Ulisema nimtaje, Mchungaji."

"Umtaje kwa Mungu, Mama Wema! Chumbani kwako, mlango umefungwa! Wewe umekwenda kumtaja kwa Mama Winfrida?"

Kila mtu Mwanga anamjua Mama Winfrida. Jambo akilijua saa nne, saa sita liko Ujiji.

Akaendelea, "Na unajua kwa nini Rahabu aliacha kula kwako mchana?"

"Alikataa kuniambia."

"Alikuwa amefunga. Siku ishirini na moja. Alikuja hapa kuniomba nisimame naye katika mfungo huo."

"Alikuwa anamwombea mumewe?"

"Alikuwa anakuombea wewe. Alisikia unayosemwa, akasema hana maneno ya kuwajibu watu, afadhali afunge. Na akanikataza nisimwambie mtu. Leo nimelivunja neno lake kwa ajili yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake wale waliokuwa wakinyamaza nikipita, kumbe Rahabu ndiye alikuwa akiwakatiza mazungumzo wasinisengenye.

Lakini niwaambie jinsi moyo wangu ulivyo mbaya. Hata pale, machozi yakiwa yananitoka, kuna kona ndani yangu iliuliza: kwa nini afunge kwa ajili yangu? Siye ndugu yangu. Anataka nini? Mtu akishazoea kushuku, hata wema anaugeuza geuza kutafuta ulipotobolewa.

"Jumatano hii kikundi kinakutana kwako," Mchungaji akasema. "Simama umsafishe."

"Na wakiniuliza, kama si Rahabu, ni nani?"

"Sema hujui."

"Nitasema uongo kwenye maombi?"

Mchungaji akajikuna kichwa, akatazama saa yake, akasema anasubiriwa msibani Ujiji.

Jumatano ikafika. Saa kumi wanawake wakajaa sebuleni kwangu hadi barazani. Nilichemsha chai ya tangawizi na mihogo. Wote walikunywa, hakuna aliyesubiri nionje. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nimeirudisha, na sasa nilitakiwa kuitupa kwa mkono wangu.

Bibi Elida alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango.

Rahabu aliingia wa mwisho. Sikumtegemea. Alikuwa amekonda, kanga imezunguka mara mbili. Akakaa pembeni ya mkeka, na mama aliyekuwa karibu naye akavuta sketi yake isigusane naye. Niliona. Kila mtu aliona.

Sentensi yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni tangu asubuhi. "Rahabu hakusema neno. Nilimsingizia. Naomba radhi." Fupi tu, hata mtoto angeweza kuisema.

Wakaimba. Nikajiambia, wimbo huu ukiisha nasimama. Ukaisha. Nikamtazama Bibi Elida, nikajiambia, ukiisha wa pili. Wa pili ukaisha. Nikaenda kuongeza chai ambayo haikuwa imepungua.

Niliporudi na birika, Mama Winfrida alikuwa anapiga makofi ya kutaka utulivu.

"Akina mama, Rahabu ameniomba aseme neno."

Rahabu akasimama. Nikaliweka birika sakafuni.

"Bwana asifiwe."

Amina zilizoitika zilikuwa tatu au nne.

"Mama Wema alisema mbele yenu kwamba amenisamehe. Mimi nilikwenda kwake nikambishia, na waliokuwepo walisikia. Leo sibishi tena." Akawageukia wote. "Nilimsema. Nilimsema vibaya. Namwomba radhi, na nyie nawaomba radhi."

Sikuamini masikio yangu. Nilimtazama nikitafuta dalili ya mzaha, au hasira, au kiburi. Hakukuwa na kitu. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo kwa sababu mabega yamekwisha.

Nyumba ikalipuka vigelegele. Mama aliyekuwa amevuta sketi yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. Mwingine akasema kwa sauti, "Kesho niwekee migebuka mikubwa, Mama Bariki!" Mwingine akasema na yeye awekewe. Hivyo tu. Wiki zote zile alikuwa anakataa kosa na hakuna aliyemtazama, na siku alipolikubali akapata wateja kabla hajakaa chini.

"Mnaona?" Mama Winfrida alikuwa anarukaruka. "Mnaona maombi yanavyojibu? Mama Wema, njoo! Neno lako, mama!"

Wakanisukuma mbele. Nikasimama uso kwa uso na Rahabu. Ukweli ulikuwa hapa, kooni. Nilikuwa najua hakusema. Nilikuwa najua alifunga siku ishirini na moja kwa ajili yangu. Nilikuwa najua aliyesema ni nani, na alikuwa amekaa karibu na mlango, ameshika mkongojo wake.

Wanawake wote walinigeukia. Nyuma yao niliona vikombe vyangu, vyote vitupu, vimenywewa mpaka chini.

"Nimekusamehe," nikasema.

Mara ya kwanza nilikuwa sijui. Mara hii ya pili nilijua, na nikasema. Ndiyo dhambi yangu hiyo, wala simsingizii shetani.

Wakapiga vigelegele tena. Rahabu akanikumbatia. Nilihisi mifupa yake, na harufu ya moshi wa samaki. Akaleta mdomo sikioni mwangu, nikajua sasa ananilaani, na nikasema moyoni acha anilaani.

"Dada," akaninong'oneza, "kesho nitapita bandani. Uniambie nilisema nini, wakiniuliza nisikosee."

Nikafungua mdomo. Naapa safari hii nilikuwa nimefungua mdomo niseme kweli, liwalo na liwe. Lakini nyuma yetu mkongojo uligonga sakafu, mara moja, mara mbili, na wanawake wakageuka.

Bibi Elida alikuwa amesimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina, Bibi!"

"Leo nimefurahi, wanangu. Nimeona mtu anavyotua mzigo." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, wala hakunitazama. "Na mimi kuna mtu nimembeba moyoni miaka miwili, tangu nimzike mwanangu. Nimechoka. Nataka kumsamehe leo, mbele yenu."

Mikono ya Rahabu ilikaza mgongoni kwangu. Sikuweza kujua kama ananishika nisianguke au nisikimbie.

Mama Winfrida akainua mikono juu, uso unang'aa.

"Msamehe, Bibi! Msamehe! Mtaje kwa jina!"